Msiba Ndani ya Maboya

Mtu wa bomba alikuwa amebakiwa na sikio moja Ponsiano Sikazwe alipomvuta kutoka kwenye matete. La pili lilikuwa limeondoka na furukombe. Damu ilimshuka shingoni ikaingia ndani ya shati, naye alikuwa anacheka.

"Taratibu, mzee. Hili lililobaki bado nina kazi nalo."

"Nyamaza." Ponsiano alimbwaga kwenye tope kama gunia la dagaa. "Nani kakutuma uvuke maboya?"

"Kapteni Jongoo. Anataka kujua kama wamelala."

"Umeona wamelala?"

Yule mtu alitazama juu. Furukombe wanne, wale tai wa samaki wenye kichwa cheupe, walikuwa wanaizunguka mashua yake iliyopinduka. Hawakugombana kama tai wa kawaida. Walizunguka kwa kupokezana, kama askari wa lindo. Mmoja alikuwa bado na kipande cha wavu kwenye kucha.

"Siku wakilala," akasema, "mchana mmoja tu, tutawaachia tope. Perege, kambale, mpaka mayai yao. Hao ndege wenu wenye mifuko shingoni watakula matete."

Ponsiano alimpiga teke la mbavu. Halikuwa la hasira. Alitaka asimame aondoke.

Kaskazini ya maboya, Ziwa Rukwa lilikuwa limekwisha. Jongoo na wenzake walikuwa wanashusha bomba nene kama pipa mpaka chini kabisa, injini inanguruma, bomba linanyonya maji na tope na kila chenye uhai, kisha nyuma linatema maji matupu. Walipopita mara mbili mahali, hata chura hakulia pale. Kusini ya maboya lilibaki hori moja, mkono wa maji ulioingia nchi kavu. Katikati ya hori palikuwa na kisiwa cha chumvi, na juu yake ndege mwari wa mwisho wa bonde zima, maelfu kwa maelfu, na makinda yao meusi yasiyojua hata kusimama. Samaki wachache waliotoroka hori na kuvuka maboya ndio waliolisha kijiji.

Waliotengeneza Kundi la furukombe walikuwa Mbeya. Walilipa jina refu ambalo hakuna mtu kwenye kituo cha ulinzi wa hori aliyelikumbuka. Kila furukombe alitiwa uzi kichwani angali ndani ya yai, na uzi ukakua pamoja na ubongo. Mmoja peke yake alikuwa tai tu mwenye kichwa kizito. Mia tatu pamoja walikuwa kitu kingine. Alichokiona mmoja walikiona wote, na uamuzi ukawa mmoja.

Sheria zilikaa kwa Mama. Huyu alikuwa furukombe jike kongwe asiyeruka, aliyeishi ndani ya banda la nyaya juu ya mnara wa kituo. Uzi wake ulikuwa mzito kuliko wa wengine, na ndani yake mlikuwa na mambo matatu. Chombo kikivuka maboya, kifukuzwe kwa kelele na kucha. Wavu au bomba likishushwa, lichanwe, na mkono ulioshika uchanwe nalo. Mtu akionekana ameshika ndege aliye hai, auawe, yeye na walio pamoja naye.

Hilo la tatu liliongezwa baada ya wezi kuja na vizimba kuwanasa furukombe wenyewe, wawapasue vichwa na kuuza nyuzi. Wezi wale waliua walinzi watatu. Tangu Mama apewe sheria ya tatu, mwizi wa ndege hakuonekana tena Rukwa.

Ponsiano, mlinzi wa kituo, ndiye aliyemlisha. Kambale mkononi, asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza Mama alimkata vidole viwili. Baada ya hapo walielewana.

*

Wanawake walikuja kituoni bila kulia, wamefunga kanga viunoni, na kwa hilo Ponsiano akajua kuna mtu kafa. Mbele alikuwa dada yake, Leonsia. Alikuwa ameshika kasia.

"Kaka," akasema, "mtumbwi wa shemeji yako umeonekana umelala kifudifudi. Uko ndani ya maboya."

"Upepo wa alfajiri?"

"Nani ajuaye? Mtumbwi upo. Polikarpo hayupo."

Polikarpo alikuwa mfunga maboya wa kituo. Kijiji kizima kilikuwa na watu wawili tu walioruhusiwa na Kundi kuingia horini, yeye na Ponsiano, kwa sababu walitiwa kidonge begani ambacho furukombe walikitambua.

"Nitamtafuta mimi," Ponsiano akasema.

"Peke yako? Hori zima?"

Ponsiano aliangalia nyuma ya wanawake. Kule mchangani, bila mkeka, Bibi Restituta mama yake Polikarpo alikuwa ameketi akiyatazama maji. Hakuna aliyemsemesha. Kwa watu wa ziwa lile, mama wa aliyezama hali chakula kilichopikwa mpaka mwanawe atoke majini na kuzikwa. Na maji aliyolala maiti hayavuliwi. Ziwa linafungwa. Hata mwizi analiheshimu hilo, maana hakuna mtu anayetaka kula samaki aliyemla jirani yake.

"Afande! Fungua ziwa hilo!"

Aliyepaza sauti alikuwa Kazimoto, Mnyamwezi, mtani wa marehemu. Alikuwa amevaa kofia ya Polikarpo na koti la Polikarpo, kama ilivyo haki ya mtani msibani. Kwapani alikuwa amebana jogoo mwekundu.

"Mfipa mwenzako kajificha humo," akasema. "Amesikia kuna kazi ya kuezeka nyumba yangu, akaona bora azame."

Wanawake wawili wakacheka. Mmoja akacheka mpaka kikawa kilio.

"Kazimoto, leo hapana."

"Leo ndiyo siku yenyewe! Mtu kala perege wa humu miaka yote, leo perege wanamrudishia, halafu nisicheke? Na wewe nitakuzika hivyohivyo. Hizo buti zako nimeshazipima kwa macho."

Ponsiano aliingia ndani akachukua redio. Mbeya akajibu Daktari Tusajigwe, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona uso, alimjua kwa sauti tu.

"Mzee Sikazwe, pole sana kwa msiba. Lakini Kundi halijui pole. Linajua vitu. Mtumbwi, wavu, mkono."

"Wakiingia bila wavu?"

"Sheria ya kwanza. Watakwaruzwa, wengine vibaya. Siruhusu."

"Lakini hukatazi."

"Nimesema siruhusu."

"Nimekusikia, Daktari."

Alitoka akakagua mitumbwi mmoja baada ya mwingine. Alitoa nyavu zote akazirundika ufukweni. Aliwaachia ndoano kubwa za kukokota, zilizofungwa kwenye kamba. Aliwaambia wajifunike vichwa kwa sufuria, ndoo, ungo, chochote. Wasijibu furukombe kwa kasia. Wakikwaruzwa wainame waendelee.

Yule jogoo Ponsiano alimwona. Alimwona vizuri, mpaka akamsukuma kwa mkono atazame chini yake kama kuna wavu. Kwake ndege walikuwa mwari, yangeyange, mnandi, vitu vya kulindwa. Jogoo alikuwa kitu cha msiba. Maiti wa maji hatafutwi bila jogoo. Anawekwa mtumbwi wa mbele, na pale atakapowika, mtu yuko chini. Ponsiano alikuwa ameshuhudia hivyo tangu utotoni, na hakumfikiria jogoo yule zaidi ya alivyofikiria sanda.

"Haya," akasema. "Nendeni."

*

Alipanda ngazi za mnara ili aone vizuri. Mitumbwi ilivuka maboya kwa mstari, ule wa Kazimoto mbele, wa Leonsia nyuma yake. Upande wa pili wa nyaya, Mama alifumba macho akaanza kutetemeka. Ndivyo alivyofanya kila Kundi lilipoingia kazini.

Furukombe waliinuka kutoka kwenye miti mikavu pande zote za hori. Walilia. Mlio wa furukombe mmoja unasikika kijiji cha pili. Wa mia tatu ulimfanya Ponsiano ashike masikio. Walishuka wakapiga sufuria kwa kucha, kwanga, kwanga, kwanga, kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtu mmoja alipasuka mkono. Mwingine akapoteza ungo na ngozi ya utosi. Waliinama wakaendelea kupiga kasia.

Kazimoto alikuwa anaimba. Aliwatukana furukombe kwa mama zao na shangazi zao. Sauti yake ilifika mnarani vipandevipande.

Ndipo jogoo akaogopa. Alipiga mabawa, akajitoa kwapani, akataka kuruka majini. Kazimoto akamdaka miguu yote miwili, akamwinua juu ya kichwa ili wenzake waone hajapotea.

Hori likanyamaza.

Ukimya ule Ponsiano aliujua. Furukombe anayefukuza hulia. Anayeua halii.

"Mtupe!" akapiga kelele. "Kazimoto! Mtupe jogoo majini! Mtupe!"

Upepo ulikuwa unamrudishia sauti yake mwenyewe.

Wa kwanza alimpiga Kazimoto usoni kwa miguu yote miwili, na alipoondoka uso haukuwa uso. Wa pili na wa tatu walikuja kwa shingo. Kazimoto hakumwachia jogoo. Jogoo wa msiba haachiwi, na mikono ya yule mtani iliendelea kushika hata baada ya mwenye mikono kuacha kujua chochote. Furukombe walimrarua jogoo wakitaka kumwokoa. Vipande vyekundu vilielea juu ya maji, vya mtu na vya kuku, havikuweza kutenganishwa.

Kisha Kundi likageukia walio pamoja naye.

Mzee mmoja alisimama akaanguka akiwa amejishika koo. Mwanamke aitwaye Serafina alijitupa majini. Furukombe wanne walikaa hewani juu ya mahali alipozama, wakisubiri kichwa chake kitokee. Kilipotokea walishuka. Leonsia alikuwa anazungusha kasia kwa mikono miwili, shavu lake la kushoto limefunguka mpaka meno yanaonekana.

Ponsiano aligeukia banda. Redio kifuani ilikuwa inaongea tayari. Daktari Tusajigwe alikuwa anaona kila kitu Kundi lilichokiona.

"Mzee Sikazwe, usimguse Mama."

"Wanakufa!"

"Naona. Nisikilize. Sheria haifutiki leo wala kesho. Ukimwua, Kundi linakufa naye, na kulea jingine ni miaka saba. Jongoo yuko saa moja kutoka hapo. Mwari wakikosa chakula sasa watatupa makinda yao. Hawatarudi tena, si kwako wala kwa wajukuu zako. Ni ndege wote. Ni ziwa lote."

"Unadhani sijui?"

"Basi subiri. Watafika ufukweni, wengi wao—"

Serafina alitokeza mkono mmoja juu ya maji, bila mwili kufuata.

Ponsiano alifungua mlango wa banda. Panga lilikuwa chini, mbali. Alipiga magoti mbele ya Mama. Jike lile lilifumbua macho, likamtambua, likafungua mdomo. Lilidhani kambale.

Alimshika shingo kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia. Alizamisha kucha kwenye mkono wake wa kulia zikafika mfupani, akavuta, na nyama ikaja. Ponsiano alikuwa analia na kutukana na kuzungusha. Kitu kikakatika ndani ya shingo ile. Kucha hazikufunguka. Ilibidi azitoe moja moja.

Alipotazama nje, mia tatu walikuwa wamesahau. Mmoja aliyekuwa juu ya bega la mtu alianza kusafisha manyoya yake. Wawili waligombania perege mfu wakapigana. Mwingine alitua kwenye mtumbwi uliojaa damu, akashangaa, akaruka. Kelele za kawaida zikarudi. Walikuwa tai.

Redio ikakoroma.

"Mungu akusamehe, Mzee Sikazwe," Daktari akasema. "Mimi sijui kama nitaweza."

*

Waliwalaza maiti saba mchangani, wakawafunika kwa kanga. Bibi Restituta aliwatazama akarudisha macho yake majini. Wa kwake hakuwa kati yao.

Mashua za bomba ziliingia kabla jua halijafika utosini. Zilikuwa tatu. Jongoo alikuwa mbele, mtu mfupi mwenye buti za mpira na miwani ya jua. Alivua kofia alipoona maiti.

"Poleni na msiba," akasema, na alionekana anamaanisha. "Tumeona tai wenu wametawanyika. Tupisheni tufanye kazi."

Leonsia aliusukuma mtumbwi wake, Ponsiano na panga lake ndani, ukakaa mbele ya mashua ile. Mitumbwi mingine, ile iliyokuwa na mtu wa kupiga kasia, ikajipanga pembeni yake. Ilibidi abane shavu kwa kiganja ili maneno yatoke.

"Mume wangu yumo humu. Hajatoka."

Vijana wa Jongoo walitazamana. Yule wa sikio moja, amefungwa kitambaa kichwani, akasema polepole, "Kapteni, hilo hatukuambiwa."

"Na sasa mmeambiwa. Washa."

Hakuna aliyeinuka.

"Washa, nimesema!"

"Nikiwasha aje kwenye bomba vipande, nani atamtoa? Wewe?" yule wa sikio moja akauliza. "Mimi nina mama, Kapteni."

Jongoo alimpiga spana ya kichwa, palepale penye kidonda, akawasha injini mwenyewe. Bomba lilishuka likaanza kunyonya. Maji ya hori yakazunguka kama yanakorogwa na mwiko, na perege wakaanza kupanda juu wakihema.

Ponsiano aliruka kutoka mtumbwi wa Leonsia akaingia mashuani. Mkono wa kulia haukufanya kazi, kwa hiyo alitumia panga kwa mkono wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kukata kuni. Pigo la kwanza lilipata hewa. La pili lilipata bomba. Jongoo alimrukia mgongoni, wakaanguka pamoja kwenye samaki waliokuwa wanarukaruka sakafuni. Spana ilimpata Ponsiano kwenye goti, kisha kwenye goti lilelile tena. Aliuma. Hakujua alichouma, alisikia tu chumvi na mtu akipiga mayowe. Kasia la Leonsia lilishuka kati yao likavunja taya ya Jongoo kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Injini ilizimwa. Aliyeizima alikuwa yule wa sikio moja, damu ikimziba jicho.

Jongoo alikaa kitako. Alitema meno mawili kwenye kiganja, akayatazama, akayatupa majini.

"Sawa," akasema kwa shida. "Sawa, mama. Na mimi ni mtoto wa ziwa. Maiti kwanza. Nitangoja pale kwenye maboya. Lakini akishatoka, akishafunikwa udongo, nanyonya. Na siku hiyo vijana wangu hawatakuwa na mama wa kumtaja."

Aligeuka kwa watu wake. Kwa taya ile hakuweza kutabasamu vizuri, ila alijaribu.

"Mnakaa tu? Wasaidieni wafiwa. Mtafuteni marehemu."

*

Walitafuta wote, wenyeji na watu wa bomba, mchana kutwa na siku iliyofuata. Kulikuwa na adabu kubwa. Watu wa bomba walisalimia, wakauliza mkondo unaelekea wapi, wakagawana kamba na waliotoka kuwazika jamaa zao. Yule wa sikio moja alimletea Bibi Restituta maji ya kunywa. Alikunywa maji. Uji alioletewa na mkwewe aliusukuma pembeni.

Daktari Tusajigwe aliita redioni mara moja tu. Alisema hakuna askari wa kuleta, amekwisha uliza. Alisema mvua ikianza, maji yatapanda, hori litaungana na ziwa kubwa, samaki watatawanyika na bomba halitafaa kitu. Makinda yatakuwa yameota mabawa. Lakini mvua ilikuwa miezi miwili mbele.

"Kwa hiyo hakuna kitu," Ponsiano akasema.

"Hakuna ninachokijua mimi," akajibu.

Siku ya tatu asubuhi Ponsiano na Leonsia walikuwa peke yao upande wa nyuma wa kisiwa cha mwari, ambako matete yamesongamana. Leonsia alisimama nyuma ya mtumbwi na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, akiuchomeka kwenye tope. Shavu lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ponsiano alikaa mbele na goti lililovimba. Mwari walikuwa karibu kiasi cha kusikia makinda yakigonga midomo ndani ya mifuko ya mama zao. Harufu ya kinyesi na samaki iliwafanya wapumue kwa mdomo.

Ponsiano ndiye aliyemwona. Polikarpo alikuwa ameelea kifudifudi, amenaswa na mizizi, shati limejaa hewa mgongoni. Mnandi mmoja alikuwa amesimama juu yake anakausha mabawa.

Leonsia alimwona pia. Alitoa sauti ndogo. Kisha akavuta pumzi kubwa, ili apige ukunga.

"Subiri," Ponsiano akasema.

"Nini?"

"Usiite."

Dada yake alimtazama. Pumzi ile ilibaki kifuani.

"Sema unachotaka kusema, kaka."

"Makinda hayajaota mabawa. Jongoo yupo pale. Tukimtoa leo, kesho tunazika, keshokutwa..." Alishindwa. Alianza upya. "Asionekane. Mpaka mvua."

Leonsia aliinua pondo akampiga nalo ubavuni, akampiga begani, akampiga kwenye ule mkono ulioliwa na Mama. Ponsiano hakujikinga. Mnandi aliruka. Mwari waliokuwa karibu walisogea hatua chache, wakarudi.

"Mama mkwe hatakula," Leonsia akasema akihema. Uzi wa shavuni ulikuwa umekatika sehemu, damu ikashuka kidevuni. "Unamjua. Hatakula. Hiyo miezi miwili hamalizi. Hata nusu hamalizi."

"Najua."

"Atakufa pale mchangani akimtazamia mwanawe, na mimi najua alipo. Nimpelekee uji, nimwambie nini?"

"Sijui, Leonsia."

"Juzi ulimwua ndege wako ili sisi tuishi. Kazimoto alishakufa. Serafina alishakufa. Hao wengine uliwaokoa, nimeona. Sasa unajuta kutuokoa? Unataka tukulipe?"

"Nataka hori lisife."

"Na mimi nataka kumzika mume wangu!"

Ponsiano alijua angeweza kuita yeye mwenyewe. Alijua angeweza pia kumziba dada yake mdomo, na kwa muda mfupi mkono wake mzima ulijikunja kwa ajili hiyo, naye akauona umejikunja. Aliuweka chini ya paja akaukalia.

"Ni wako," akasema. "Ukiita, nitakusaidia kumpandisha."

Leonsia aliwatazama mwari. Jike moja lilikuwa limefungua mdomo wake mkubwa, na kinda limeingiza kichwa chote humo na shingo yote, likisukuma kama linataka kurudi lilikotoka. Pembeni, maelfu ya wengine walikuwa wanangoja zamu zao. Nyuma yao, ng'ambo ya maji, moshi wa kijiji ulikuwa unapanda, moto wa watu wanaopika samaki mmoja kwa nyumba.

Aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi. Alinyosha mkono akamgeuza Polikarpo kichwa, si kumtazama usoni, kulikuwa hakuna cha kutazama, bali kumtoa nyasi zilizomnasa sikioni. Alimfunga kola ya shati iliyokuwa wazi. Kisha akafungua kamba ya nanga, akaipitisha kiunoni mwa mumewe mara mbili, akafunga fundo ambalo wavuvi hufunga wasipotaka lifunguke.

"Geuka," akamwambia Ponsiano.

Ponsiano aligeuka. Alisikia jiwe la nanga likiingia majini, na mapovu, mengi, yaliyochukua muda kwisha. Shati lile lilikuwa na hewa nyingi.

Nyuma ya matete injini ndogo ilikohoa. Mashua ya watu wa bomba ilijitokeza kwenye kona ya kisiwa, yule wa sikio moja akiwa ameshika usukani, na wenzake wawili na kamba zao. Alipowaona alipunguza mwendo, akainua mkono kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Mmempata?"

Leonsia alikuwa amesimama wima nyuma ya mtumbwi. Aliliegemea pondo kwa mikono yote miwili na kwa uzito wake wote, na pondo lilikuwa linatikisika kidogo, kama kitu cha chini kinakataa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Bado. Katafuteni kule kwenye kina."